Sheriff na sharifu: majina yanafanana ila ukoo ni tofauti

Kuna hii stori inazunguka sana kwetu, hasa kwa wale wanaopenda kutafuta Kiarabu ndani ya kila kitu, kwamba yule sheriff wa Marekani, yule wa filamu za kauboi mwenye nyota kifuani na bastola kiunoni, jina lake limetokana na sharifu. Na ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini kabisa, manake angalia, sheriff, sharifu, konsonanti ni zilezile tatu, sh na r na f, mtu mwenye hadhi huku na mtu mwenye hadhi kule, Waarabu walitawala Hispania miaka kibao, Waingereza wakaenda vita vya msalaba wakakaa Palestina, sasa unataka ushahidi gani tena? Mtu anafunga hesabu hapohapo.

Shida ni kwamba si kweli, na uzuri wake ni kwamba hii sio moja ya zile kesi ambazo wataalamu wanavutana mpaka leo. Imeisha. Sheriff ni neno la Kiingereza chenyewe, la ndani kabisa, ni maneno mawili yaliyogandishwa pamoja miaka elfu moja na kitu iliyopita mpaka yakashikana kiasi kwamba Muingereza wa leo mwenyewe haoni kiungo kiko wapi. Maneno yenyewe ni scir na gerefa. Hilo la kwanza ndo shire ya leo, ile unayoikuta mkiani mwa Yorkshire, Lancashire, Leicestershire. La pili ndo reeve, neno ambalo siku hizi wengi wanalijua kama jina la ukoo tu, ntarudi kwake.

Kwanza tuweke sawa jambo moja manake hapa huwa kuna mkanganyiko. Tukisema Kiingereza ni lugha ya Kigermaniki hatumaanishi kimetoka kwenye Kijerumani. Ni ukoo mmoja, yani Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kidenishi, Kiswidi na wenzao wote ni wajukuu wa bibi mmoja ambaye hakuacha maandishi. Waangli, Wasaksoni na Wajuti walivuka bahari kutoka kaskazini ya Ujerumani ya leo na Denmark kwenye karne ya 5, wakaingia kisiwani na lugha yao, na hiyo lugha ndo Kiingereza cha kale. Mambo ya Kifaransa na Kilatini yaliyojaa kwenye Kiingereza cha leo mengi yalikuja baadaye sana, na Kiarabu kilikuja kwa njia za kuzunguka, mara nyingi kupitia Italia, Ufaransa au Hispania.

Na hapa niseme haki, hao wanaotafuta Kiarabu kwenye Kiingereza sio wajinga, kipo na ni kingi. Neno admiral limetokana na amiri, amiri huyuhuyu wa amiri jeshi mkuu. Sukari yetu na ya kwao imepita mikono ya Waarabu. Na kuna moja ambalo ndo linaniuma kwenye huu mjadala wote, neno tariff, ile ya ushuru wa bidhaa ambayo kila siku iko kwenye habari za biashara. Tariff ni Kiarabu safi, limetokana na mzizi wa kujulisha, wakalichukua Waitaliano wakalifanya tariffa wakimaanisha orodha ya bei na ushuru, alafu likaenda kaskazini. Sisi mzizi huohuo tunao, ndo taarifa. Yani taarifa ya habari na tariff ni ndugu wa damu. Sasa weka tariff na sheriff kwenye mstari mmoja, tazama zinavyoishia, utaapa kwamba ni mapacha. Moja la Kiarabu, lingine la Kisaksoni, na kwa kutazama tu huwezi kujua lipi ni lipi. Lazima upekue makaratasi.

Basi tupekue.

Makaratasi ya zamani kabisa ya Kiingereza ni sheria za wafalme wa Kent, ile kona ya kusini mashariki. Wafalme wawili, Hlothhere na Eadric, walitoa sheria kati ya mwaka 673 na 685, na humo kuna kipengele kinasema mtu wa Kent akinunua mali London basi awe na mashahidi wawili au watatu waaminifu, ama awe na wicgerefa wa mfalme. Wic ni mji wa biashara. Kwahiyo wicgerefa ni gerefa wa sokoni, ofisa wa mfalme anayeshuhudia mauziano watu wasije wakauziana ng'ombe wa wizi. Gerefa yupo kazini tayari, na yupo ndani ya neno la kuunganisha tayari. Miaka michache mbele, kati ya 688 na 694, mfalme Ine wa Wessex naye anatoa sheria zake, na ndani yake kuna kifungu kwamba ealdorman, yani mkubwa wa eneo, akimuachia mwizi akatoroka basi atapoteza scir yake, isipokuwa mfalme amsamehe.

Sasa chukua hiyo miaka uiweke pembeni ya miaka ya Kiislamu. Mtume kafariki 632. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711. Yani vipande vyote viwili vya neno sheriff vilikuwa Uingereza vinafanya kazi kabla hata askari mmoja wa kamanda wao Tariq hajavuka mlango wa bahari. Mbishi atasema hizo sheria za Kent zimetufikia kwenye nakala ya karne ya 12 kutoka Rochester, na ni kweli, kitabu chenyewe kilichobaki kiliandikwa miaka ya 1120, lakini za Ine ziko kwenye nakala za zamani zaidi, zilishikizwa nyuma ya sheria za mfalme Alfred, na gerefa mwenyewe anaonekana kila mahali kwenye maandishi ya karne ya 9 na 10 kwahiyo huwezi kumkwepa.

Gerefa alikuwa nani hasa? Msimamizi. Mtu anayeshika jukumu kwa niaba ya mkubwa wake, awe mfalme, askofu au tajiri mwenye mashamba. Kulikuwa na tungerefa wa kijiji, kulikuwa na portgerefa wa mji, na wa mashambani tu wa kuhesabu majembe na nguruwe. Kuna mmoja alikufa kifo ambacho kimeingia kwenye historia. Kumbukumbu za miaka za Wasaksoni zinasema kwamba enzi za mfalme Beorhtric, karibu mwaka 789, zilifika meli tatu za watu wa kaskazini, gerefa akapanda farasi akawaendea akitaka awapeleke kwenye makazi ya mfalme kwasababu hakujua ni watu gani, wakamuua. Ni hivyo tu, sentensi mbili. Mwandishi mwingine wa karne ya 10, Æthelweard, ndo anatupa jina, Beaduheard, na anaongeza kwamba jamaa alidhani ni wafanyabiashara na aliwaamrisha kwa ukali. Ndo walikuwa Waviking wa kwanza kutajwa Uingereza, na mtu wa kwanza waliyemuua ni ofisa aliyeenda kuwauliza kama wamelipia forodha. Mtu wa pwani akiisoma hiyo anaielewa bila kuelezwa, jahazi geni limetia nanga na mtu wa Serikali anashuka ufukweni na ukali wake.

Sasa scir. Wengi ukiwauliza shire ni nini watasema ni eneo, kama kaunti au mkoa, na kuna maelezo ya zamani kwamba limetokana na kukata, yani kipande cha nchi kilichokatwa. Yanavutia lakini wataalamu wameshayaacha, kwasababu matumizi ya mwanzo kabisa yanaonyesha scir ilikuwa kazi, dhamana, cheo ulichokabidhiwa. Kwenye Kijerumani cha kale kuna ndugu yake mwenye maana hiyohiyo ya jukumu. Ndo maana yule ealdorman wa Ine anaambiwa atapoteza scir yake, anapoteza cheo. Alafu polepole neno likahama kutoka kwenye madaraka likaenda kwenye eneo ambalo madaraka hayo yanafika. Sisi hili halitupi taabu kwasababu neno letu wilaya limepita njia ileile, kwa Kiarabu mwanzo wake ni mamlaka, usimamizi, na hata liwali ni al-wali wa mzizi huohuo. Ukinilazimisha nitafsiri scirgerefa kwa Kiswahili cha pwani ya zamani nitakwambia ni liwali na sitahangaika zaidi, manake kazi ilikuwa hiyohiyo, mtu wa Sultani kwenye mji, anakusanya kodi, anasikiliza kesi, anatuma watu wakamkamate fulani.

Kitu kingine cha kuangalia ni mpangilio wa vipande. Sisi tukiunganisha, mkubwa anatangulia, mkuu wa wilaya, bwanashamba, mwanafunzi. Wagermaniki wanageuza, kinachofafanua kinakaa mbele na mwenyewe anafuata nyuma, kwahiyo kwao ingekuwa wilaya-mkuu, shamba-bwana. Scir-gerefa. Kiingereza kimejaa maneno ya hivi yaliyojificha, na mengine yamechakaa kuliko hata sheriff. Lord ilikuwa hlafweard, hlaf ni mkate na weard ni mlinzi, yani mheshimiwa lodi wa bungeni London kwa asili ni mlinzi wa mkate. Lady ni mkandaji wa unga. Steward ni mlinzi wa jumba. Nasi tunayo machache ya kuchakaa hivyo, Mwenyezi ni mwenye enzi, lakini nani anayewaza hilo akiomba dua?

Cheo cha kuunganisha, scirgerefa, kinaanza kuonekana waziwazi mwanzoni mwa karne ya 11. Wafalme walikuwa na tatizo la kawaida la wafalme, wale maealdorman wamekuwa wakubwa mno, mmoja anashika shire tatu nne, hana muda na shire moja moja na pengine hana utii pia, kwahiyo mfalme anaweka mtu wake mwenyewe kwenye kila shire. Na tunaye mmoja tunayeweza kumuona akiwa amekaa kabisa kikaoni.

Hii ni Herefordshire, mpakani na Wales, enzi za mfalme Cnut, kwahiyo ni kati ya 1016 na 1035. Kikao cha shire kimekaa mahali panaitwa jiwe la Ægelnoth. Yuko askofu Æthelstan, yuko Ranig mkubwa wa eneo, yuko Tofig aliyekuja kwa shughuli za mfalme, na Bryning scirgerefa, wameandika hivyo kabisa, pamoja na wenye ardhi wote wa Herefordshire. Anaingia kijana anaitwa Edwin, anamshtaki mama yake mzazi kuhusu ardhi. Askofu anauliza nani atamjibia mama, anasimama Thurkil Mweupe anasema ni jukumu lake ila hajui madai ni yapi. Basi wanachaguliwa watu watatu wapande farasi wakamuulize mama mwenyewe kwake Fawley. Wakafika, wakauliza, mama akasema hana ardhi yoyote ya huyo mtoto, na akawaka hasira, akamuita ndugu yake Leofflæd, ambaye ni mke wa huyohuyo Thurkil, akasema mbele ya wajumbe kwamba nikifa huyu ndo mrithi wangu, ardhi yangu na dhahabu yangu na nguo zangu na kila nilichonacho, na mwanangu nisimpe hata kitu. Alafu akawaambia wajumbe nendeni mkaseme kikaoni nilivyosema. Wakarudi wakasema. Thurkil akasimama akaomba kikao kimuachie mkewe hizo ardhi bila mgogoro, kikao kikakubali, na Thurkil hakulala, alipanda farasi mpaka kwenye kanisa la Mtakatifu Æthelberht akaiandikisha kesi yote ndani ya kitabu cha Injili, na kitabu hicho kipo mpaka leo Hereford.

(Mimi Thurkil namuwekea alama ya kuuliza. Mtu ndo wakili wa mama na mke wake ndo anarithi!)

Vita vya kwanza vya msalaba vilitangazwa 1095 na Yerusalemu ikachukuliwa 1099. Bryning alikuwa ameshakaa kwenye kikao chake miaka sitini na zaidi kabla ya hapo. Kwahiyo hata njia ya vita vya msalaba imefungwa, haiwezekani watu wakaleta neno kutoka safari ambayo babu zao hawajaifikiria.

Haya, sasa sauti, na hapa ndo penye utamu kwa wanaopenda lugha. Scirgerefa ilivyoandikwa sivyo ilivyosomwa. Hiyo sc mwanzoni ilishakuwa sh, lakini zamani zaidi ilikuwa sk, na ushahidi tumeuvaa mwilini. Shati na sketi kwa asili ni neno moja, kivazi kifupi. Kiingereza kilipogeuza sk zake kuwa sh ikatoka shirt, huku watu wa Skandinavia wakabaki na sk yao, wakaja nayo Uingereza wakati wa Waviking ikatoka skirt, alafu Kiswahili kikazichukua zote mbili na leo moja iko juu nyingine chini. Kwahiyo ile sh ya sheriff ambayo watu wanaifananisha na shini ya Kiarabu ni sh iliyopatikana ukubwani, utotoni ilikuwa sk. Kiarabu sharifu haina habari hizo, sh yake ni sh.

Ile g ya gerefa ilisomwa y, na f ikikaa katikati ya vokali ilisomwa v, kwahiyo neno zima lilikuwa kama shiir-ye-reeva. Lirudie mara tano kwa haraka, ye itaanza kupotea yenyewe. Ndo kilichotokea. Karne za kati wanaandika shirreve, vokali ya mwisho nayo ikadondoka, v ikabaki inaning'inia mwisho wa neno ikageuka f, tukapata sheriff. Kuna watu ambao jina la ukoo lilibaki na v yake, akina Shreve, na mmoja wao, nahodha Henry Shreve aliyesafisha lundo la magogo kwenye mto Red huko Louisiana, ndo mji wa Shreveport umebeba jina lake.

Mtu makini atauliza, kama sheriff ina shire ndani mbona shire inasomwa shaya na sheriff haisomwi shayarif? Jibu ni kwamba neno likirefuka, vokali ndefu iliyo mwanzo inafupishwa. Kiingereza kimefanya hivyo mara nyingi, wise inasomwa wayz lakini wisdom inaanza na wiz, holy na holiday hivyohivyo. Shire ikiwa peke yake ilibaki na ii ndefu, na baadaye Kiingereza kilipobadilisha vokali zake ndefu zote ikawa shaya. Iliyojificha ndani ya sheriff ilikuwa imeshafupishwa, mabadiliko yakaipita. Na hiki ndo kitu ambacho hadithi ya Kiarabu haiwezi kukieleza hata ikikazana, kwa nini neno hili lina historia ya sauti ileile ya shire hatua kwa hatua.

1066 Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, wakaingia Uingereza. Wao walikuja na Kifaransa na makarani wao waliandika Kilatini, sheriff wakamuita vicecomes, ambayo ndo imezaa viscount, na shire wakaiita comté. Cha ajabu cheo cha Kisaksoni kikagoma kufa, wananchi wakaendelea kusema shirreve na mwisho likashinda. Shire yenyewe ndo iliyoshindwa nusu, manake comté ikawa county, na hiyo ndo iliyosafiri mpaka Kenya ikawa kaunti, 47 kwa katiba ya 2010. Ingekuwa Wasaksoni wamewashinda Wanormani kwenye vita vya Hastings, pengine leo Wakenya wangekuwa na gavana wa shaya.

Chini ya Wanormani sheriff akawa mtu wa kuogopwa na kuchukiwa, na sababu ni mfumo wa pesa. Mfalme anapanga kiasi maalumu shire ilete kwa mwaka, sheriff anakileta, na kinachozidi ni chake. Yani ni kama hesabu ya bodaboda, bosi anataka hesabu yake, ukikimbiza sana kinachobaki mfukoni kwako, tofauti ni kwamba abiria hapa hana namna ya kushuka. Mara mbili kwa mwaka masheriff walikuja mbele ya maofisa wa hazina ya mfalme, wakakaa kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cha miraba kama drafti, vitufe vinasogezwa kwenye miraba hesabu zinafanyika mbele ya macho ya wote, na kumbukumbu ya zamani zaidi iliyobaki ya hesabu hizo ni ya mwaka wa fedha 1129 hadi 1130. Mfalme Henry II mwaka 1170 malalamiko yalimzidi akaanzisha uchunguzi na akawafukuza masheriff wengi kwa mkupuo. Na mwaka 1215, kwenye ile Magna Carta, hati ya masharti aliyobanwa nayo mfalme wa Uingereza, ambayo watu wanadhani ni hotuba nzito za haki za binadamu mwanzo mwisho, kifungu cha 50 kinataja watu kwa majina kabisa kwamba waondolewe kwenye madaraka, mmojawapo Philip Mark na kaka zake na mpwa wake. Huyo Philip Mark alikuwa sheriff wa Nottinghamshire. Ndio, Nottingham hiyohiyo ya Robin Hood. Sisemi yeye ndo yule wa hadithi, ila kama unataka kujua kwa nini kwenye hadithi mtu mbaya ni sheriff na sio mwingine, anza hapo.

Marekani neno lilifika na walowezi. Virginia iligawanywa kuwa shire nane mwaka 1634, kila moja na sheriff wake, baadaye zikaitwa county kama kawaida. Tofauti kubwa ni kwamba Marekani sheriff akaja kupigiwa kura, na leo wako zaidi ya 3,000, wanaendesha jela za county na kupeleka hati za mahakama. Nyota na farasi ni mapambo ya magharibi. Scotland sheriff ni hakimu, anakaa mahakamani. England yuko High Sheriff ambaye siku hizi ni wa sherehe tu, anateuliwa kila mwaka, na mfalme anachagua majina yaliyoandikwa kwenye ngozi kwa kuyatoboa na sindano kubwa ya fedha badala ya kupiga tiki.

Upande wa pili sharifu hana shida yoyote, ana ukoo wake na hahitaji kuazima wa mtu. Mzizi ni sh-r-f, utukufu, ubora wa nasaba, na kwenye Uislamu ikawa cheo cha wazao wa Mtume. Maka ilikuwa chini ya masharifu kuanzia karne ya 10 mpaka Wasaudi walipoichukua Hijazi miaka ya 1924 na 1925. Kwetu wamekuja wengi kutoka Hadhramaut, wakafika Lamu na Pate na Ngazija, na ukienda Maulidi ya Lamu pale Riyadha, kwa Habib Swaleh, huna haja ya kuuliza sharifu ni nani. Ukitazama vizuri utaona hata maana hazikutani. Sharifu ni damu, unazaliwa nayo, haufukuzwi. Sheriff ni kazi, unapewa na unanyang'anywa, muulize Philip Mark.

Kilichoongeza mkorogo ni kwamba Waingereza baadaye walilichukua na neno la Kiarabu pia, la Maka na Morocco, na tahajia zao zilikuwa hovyo, mara sherif mara shereef, kwahiyo kwenye vitabu vyao vya zamani unakuta yote mawili yanapishana kwa herufi moja. Waturuki ndo wamemaliza kabisa, kwao sheriff wa kauboi na sharifu wa Maka wote wanaandikwa şerif. Mturuki akikwambia ni neno moja usimcheke, kwake kweli yanafanana kama mapacha.

Kufanana kwa bahati kupo na kunatokea kuliko watu wanavyodhani. Mfano unaopendwa ni neno bad, Kiingereza maana yake mbaya, Kiajemi bad maana yake mbaya, na hayana uhusiano. Lugha zina sauti chache na maneno maelfu, lazima mengine yagongane. Ndo maana anayefuatilia asili ya maneno haanzi na kufanana, anauliza neno lilionekana wapi kwanza, lilipita kwa nani, vipande vyake viko wapi kwingine, na je sauti zimebadilika kwa taratibu zilezile zilizobadilisha maneno mengine. Sheriff inajibu yote manne kwa Kisaksoni.

Kama unataka mahali ambapo wataalamu wanavutana kweli, ni ndani ya gerefa. Zamani watu waliliunganisha na Graf, cheo cha Kijerumani cha kabaila, na kwa macho yanaendana, lakini vokali hazifuati utaratibu unaotakiwa kati ya lugha hizo mbili, kwahiyo wengi wameuacha huo undugu. Maelezo yanayopewa nafasi kubwa zaidi ni kwamba ndani yake kuna rof, kipande kinachohusu idadi au safu ya watu, kwahiyo gerefa wa mwanzo angekuwa mtu wa kusimamia kundi, au wa kuhesabu.

Reeve yenyewe bado haijafa. Kwenye mikoa ya magharibi ya Canada mkuu wa halmashauri ya vijijini mpaka leo kuna sehemu anaitwa reeve. Ila kwa wingi limebaki kwenye majina ya watu, Christopher Reeve aliyeigiza Superman ni gerefa, Keanu Reeves naye ni gerefa. Na huyo Keanu, kama kuna mtu bado anatafuta Kiarabu, kazaliwa Beirut mwaka 1964.